Vimeo Viwili

Katika ukoo wetu hakuna mtu ambaye hakukatwa kimeo. Mama yangu alikatwa, dada zangu walikatwa, na mimi nilikatwa nikiwa bado nanyonya, huko kwetu kusini, upande wa Lindi. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa ya kinywa. Ukipanua mdomo mbele ya kioo utakiona. Mimi sina, na sijawahi kukihitaji. Tulikua tukijua kwamba kikirefuka kinamkohoza mtoto, kinamtapisha, na kikiachwa kinamchelewesha kusema. Mimi kusema sikuchelewa. Nilianza mapema na sijanyamaza hadi leo, na marehemu mume wangu alikuwa akiwaambia wenzake kwamba aliyenikata alipitiliza, akakata na breki.

Nalisema hili mwanzoni ili mtu asije akadhani kuna aliyenidanganya. Hakuna. Nilikuwa na uhakika wangu mwenyewe, na uhakika ndio ulioniponza.

Mume wangu alikuwa mchonga vinyago, mtu wa Newala, mwenye maneno machache. Tulikuja Dar es Salaam miaka michache baada ya uhuru, tukapanga chumba Temeke kwenye nyumba ya vyumba sita. Mama mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kizaramo, mkarimu, mjuzi wa kila dawa na kila mwenye dawa. Mume wangu alichongea kwenye kibanda cha makuti kando ya barabara ya Pugu. Akipata gogo jipya la mpingo hakuligusa siku hiyo. Alilisimamisha, akalizunguka, akalilaza, akalisimamisha tena. Nilikuwa namcheka, "We unachonga au unaposa?" Naye ananijibu kwamba ukishatoa, hurudishi.

Binti yetu, wa kwanza na wa mwisho, alizaliwa zahanati asubuhi moja ambayo barabarani watu walikuwa wanapita na ngoma na matawi ya miti kuliunga mkono Azimio la Arusha. Mkunga alimfunga khanga mpaka uso. Nikamwambia amfunue.

"Pumzika kwanza, mama."

"Nimezaa mie, hukuzaa wewe. Mfunue."

Akamfunua. Mdomo wa juu ulikuwa umepasuka mpaka kwenye tundu la pua, na alipolia niliona kwamba ndani nako kuna ufa. Kaakaa lilikuwa limeachana katikati, ukitazama juu unaliona giza la pua. Nje walikuwa wanaimba. Nilimwangalia mtoto wangu nikasikia hasira kabla ya huruma, na sikujua hasira hiyo niipeleke kwa nani.

Watu walikuja chumbani kwetu kuazima chumvi, siku hizo kila mtu aliishiwa chumvi. Walimtazama, wakauliza kama mimba ilipokuwa changa nilikula nyama ya sungura, maana mdomo huo huitwa mdomo wa sungura. Niliwajibu kwamba sungura mwenyewe ningempata wapi Temeke. Mwingine akauliza kama nilimcheka mlemavu. Huyo nilimtoa na chumvi yake.

Titi hakuliweza. Mtoto hunyonya kwa kuvuta, na wa kwangu akivuta anavuta hewa ya puani. Nilikamua maziwa kwenye kikombe, nikamkalisha wima, nikamnywesha kwa kijiko, na nusu ya kila kijiko ikamtoka puani. Nilimfuta, nikamtilia kingine. Nilijifunza kuhesabu siku kwa kijiko.

Alipofikisha miezi sita, hospitali kubwa ya mjini wakamshona mdomo. Walimshona vizuri, ukiwa mbali huoni kitu ila mstari mwembamba. Tuliporudi nyumba nzima ilipiga vigelegele, mama mwenye nyumba akapika pilau, na kila aliyepita mlangoni alisema, "Mtoto kapona!" Nami nikajibu kwamba kapona, ingawa nesi alikuwa amenieleza vinginevyo.

"Nje tumemaliza, mama," aliniambia nesi. "Ndani bado. Kaakaa lisipozibwa, sauti itavujia puani na hatasema vizuri. Mlete akitimiza mwaka na nusu. Usichelewe."

Sikuchelewa. Nilimpeleka siku ile ile iliyoandikwa kwenye kadi. Daktari wa upasuaji huo alikuwa mgeni kutoka nje na mkataba wake ulikuwa umekwisha, mwingine hajafika. Tukaambiwa turudi baadaye. Tukarudi. Tukaambiwa turudi tena. Kadi ile ilichakaa mikunjoni mpaka nikaishonea mfuko wa kitambaa.

Nilichokitaka kilikuwa kimoja tu. Sikutaka uzuri, sikutaka aolewe na mkubwa. Nilitaka mtoto wangu afungue kinywa dukani, aseme anachotaka, na mwenye duka ampe. Basi.

Na mwanzoni nilidhani itakuwa. "Mama" aliisema mapema, akimshinda hata mtoto wa chumba cha jirani. Nilirukaruka. Sikujua wakati ule kwamba sauti ya m hupitia puani, na pua binti yangu alikuwa nayo ya kutosha. M na n zilimtoka, w na y zilimtoka, na irabu, a, e, i, zote alikuwa nazo. Lakini kila sauti inayotaka mtu akusanye pumzi kinywani kisha aipasue, p, b, t, k, s, hiyo hakuwa nayo. Pumzi ilipanda juu ikatoroka puani kabla haijafika mdomoni. Maji alisema mai, kuku alisema u-u kwa kukaba koo. Na baba yake, binti alimwita "mama". Baba yake alikuwa akiitikia hivyo hivyo, "Naam," huku akiendelea kupiga patasi.

Mimi nilimwelewa yote. Nilikuwa nasikia neno jinsi lilivyotakiwa kuwa, kama vile mtu anavyojua wimbo hata akiimbiwa na mlevi. Nikawa mkalimani wake. Watu wengine walimwinamia, wakakunja uso, wakasema, "Eti? Sema tena." Akasema tena. "Eh? Hebu sema tena." Mara ya tatu alikuwa anapunga mkono, vidole vimelegea, kama anakung'uta unga, akageuka akaenda zake. Ule ulikuwa mkono wake wa kusema basi. Nilikuwa nachukia maneno hayo, sema tena, kuliko matusi. Niliapa kwamba mimi sitamwambia mwanangu hivyo hata siku moja.

Alikuwa na miaka mitatu hospitali waliposema kweli sasa: daktari mpya amefika, mleteni masika yakiisha. Ilikuwa imebaki miezi mitatu.

Miezi hiyo hiyo madarasa ya kisomo yalianza mtaani kwetu. Balozi wa nyumba kumi alipita mlango kwa mlango akiandika majina ya wasiojua kusoma, na mimi nikaandikwa. Tulisoma alasiri kwenye madawati ya watoto wa shule, wanawake wazima magoti yanagusa kidevu. Nilikwenda na binti yangu, anakaa mapajani. Siku hiyo mwalimu aliandika ba be bi bo bu, akagonga fimbo, tukaitikia. Binti yangu naye akaitikia, kwa sauti yake yote, akifurahi: ma, me, mi, mo, mu. Mwalimu akadhani kuna anayemfanyia mzaha. Akarudia. Binti yangu akarudia. Darasa likacheka. Halikucheka kwa ubaya, lakini lilicheka, na mtoto akaangalia nyuso zile moja moja kutafuta kinachochekesha, mwishowe akacheka na yeye.

Nilichukua kibao changu nikatoka.

Mama mwenye nyumba alinikuta uani nalia kwa hasira, nafua nguo ambazo zilikuwa safi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mwanangu, huyu ulimkata kimeo?"

"Bado, mama."

"Bado? Miaka mitatu?" Alinitazama kama niliyemwambia mtoto hajaogeshwa tangu azaliwe. "Na kikohozi kile? Na kutapika kule? Na ulimi mzito? Loo! Mmeshughulika na mambo makubwa, dogo mmelisahau."

Niliona aibu, nakumbuka mpaka joto lake masikioni. Katika kwenda na kurudi hospitali, katika kadi na foleni, nilikuwa nimesahau jambo ambalo mama yangu asingelisahau hata usingizini. Nilijiona mzembe. Na aibu ilipopita, ikaja furaha: kumbe kulikuwa na kitu cha kufanya! Miaka mitatu nilikuwa nangoja wengine wafanye, kumbe langu sijalifanya.

Mume wangu alikuwa amekwenda Newala kwenye msiba wa mjomba wake. Sikumngoja.

Mkata kimeo alikaa Mtoni. Alikuwa mzee msafi, kanzu imepigwa pasi, amewakata watoto wa mtaa mzima na wazazi wao kabla yao. Chombo chake kilikuwa chuma chembamba kilichopinda nchani, makali yakiwa kwa ndani, na alikichemsha kwenye sufuria mbele ya macho yako ili uone. Tulimkuta asubuhi, tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akamkalisha mtoto kwenye mwanga wa mlango, akamkandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko. Akatazama kwa muda mrefu.

"Huyu kaakaa lina ufa," alisema.

"Najua, babu. Watalishona hospitali masika yakiisha."

"Na vimeo anavyo viwili. Kimoja huku, kimoja huku." Akatoa kijiko. Akakifuta. "Mie nimekata tangu wakati wa Mjerumani sijapatapo kuona viwili. Hospitali wamesemaje juu ya hivi viwili?"

Hospitali hawakusema chochote kwa sababu sikuwauliza. Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Ni neno fupi. Mzee wa watu alikuwa ameshakiweka kijiko chini, na laiti ningesema sijui angeniambia nenda kaulize, uso wake ulikuwa unaonyesha hivyo. Lakini mimi neno sijui halijawahi kunikaa mdomoni.

"Hospitali wanajua nini kuhusu kimeo, babu? Ukiwauliza wanakugombeza tu. Kata."

"Baba yake yuko wapi? Tungemngoja."

"Baba yake ndiye kanituma."

Nilimshika mimi mwenyewe. Kichwa chake kifuani pangu, mikono yake chini ya mikono yangu, miguu yake katikati ya magoti yangu. Havikuwa vimening'inia kama kimeo cha mtu. Vilikuwa vimelala kila kimoja upande wake, vimeshikana na nyama. Ilibidi mzee avifuate. Cha kwanza kilichukua muda. Cha pili kilichukua muda zaidi, na mtoto aliacha kulia akawa anakoroma damu, nami nikamwambia mzee, "Maliza, babu, maliza." Akamaliza. Akapaka dawa ya unga kwa kidole, akaviweka vile vipande juu ya kipande cha jani la mgomba, nikavitazama. Vilikuwa vikubwa kuliko nilivyotegemea. Nikafurahi, nikaona ndiyo maana alikuwa hasemi.

Wiki mbili baadaye, kidonda kilipopona, nilimsikia anaita uani. Ninaapa kwamba nilisikia "baba". Nilitoka mbio, nikawaita watu, nikamwambia aseme. Akasema. Mama mwenye nyumba akasema naye kasikia. Tulikuwa tunataka kusikia.

Mume wangu alirudi, nikamweleza kwamba nimemkata mtoto kimeo. "Vizuri," alisema, maana na yeye alikatwa. Akamwambia binti yake aseme baba. Akasema mama. "Naam," akaitikia, akavua viatu.

Masika yalikwisha. Tulikwenda wote watatu, mume wangu kavaa shati la sikukuu. Daktari mpya alikuwa kijana kidogo, mgeni naye, na nesi mmoja mtu mzima wa kwetu alikuwa anamtafsiria. Alimfungua mtoto kinywa, akamulika na tochi, akaacha kumulika, akamulika tena. Akamwita mwenzake. Wakatazama wawili. Waliongea kwa lugha yao kwa sauti ya chini, kisha yule nesi akageuka, na nilimwona amebadilika.

"Nani kamkata huyu?"

"Kimeo tu, sista," nilisema.

"Sikukuuliza nini, nimekuuliza nani." Lakini hakungoja jibu. Alikaa kwenye benchi pembeni yangu, jambo ambalo manesi hawakulifanya, na hilo ndilo lililonitisha. "Sikiliza, mama. Nyuma ya kaakaa pana nyama laini. Ukitaka kusema pa, nyama ile inanyanyuka, inaifunga njia ya puani, kama mlango. Mtoto wako mlango wake ulizaliwa umepasuka vipande viwili. Kazi ya daktari ilikuwa kuvivuta vile vipande, avishone viwe kimoja. Hivyo mlivyoviita vimeo ndizo ncha za vipande vyenyewe. Na aliyekata hakuishia kwenye ncha."

"Sasa atashona nini?" aliuliza mume wangu. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akiuliza kitu hospitali.

"Atashona kilichobaki. Tundu atalifunga, chakula hakitapanda puani. Lakini mlango umeshakuwa mfupi, baba. Hautafika."

Hakuna aliyenigombeza. Nilikuwa nimejiandaa maisha yangu yote kujibu wanaonigombeza, na siku ile hakutokea hata mmoja. Daktari alimpapasa mtoto kichwani, akaandika kwenye kadi.

Nyumbani, mume wangu angeweza kuamini kwamba mzee alifanya kwa akili yake. Mimi siwezi kunyamaza. Nilimwambia mwenyewe: mzee aliuliza hospitali wamesemaje, mzee alitaka akungoje, na mimi nikasema wewe ndiye uliyenituma. Aliketi kitandani. Kisha akasema, "Gogo nalizunguka siku mbili. Wewe mtoto hukumzunguka hata mara moja." Akachukua patasi zake akaenda kibandani. Hakulitaja tena jambo lile mpaka anakufa, na ningeshukuru kama angelitaja kila siku.

Wakamshona. Kweli chakula kiliacha kupanda puani. Siku ya kwanza alipokunywa uji kikombe kizima pasipo tone kumtoka, nilikaa nikilia na kikombe mkononi. Lakini sauti ilikuwa ile ile. Nesi alitupa mazoezi: apulize unyoya wa kuku juu ya meza, apulize koroboi mpaka izimike. Tulifanya hivyo mwaka mzima, kila alasiri. Alijaza mashavu, akakaza macho, akapuliza, na pumzi ikamtoka puani ikiunguruma, unyoya umetulia pale pale. Koroboi haikuzimika hata mara moja. Wakati mwingine nilimpulizia kwa siri kutokea pembeni, afurahi. Aligundua, na kuanzia hapo hakutaka tena mazoezi.

Aliyegundua la pua ni baba yake. Siku moja, kwa kucheza tu, alimbana pua kwa vidole viwili akamwambia aseme baba, na mtoto akasema baba. Wazi. B mbili, kavu, kama za mtu yeyote. Tulitazamana wote watatu. Mume wangu akaachia pua, likatoka mama; akabana, likatoka baba. Pumzi ilikuwa imekosa pa kutorokea. Alimfanya aseme mara ngapi sijui, nami nilitoka nje kwa sababu sikuweza kuangalia uso wa mume wangu ulivyokuwa.

Tangu siku hiyo, binti yangu alikuwa akimwita baba yake huku amejibana pua. Akimwona anatoka barabarani na mfuko wa vifaa, anakimbia kumlaki, mkono mmoja puani, "Baba! Baba!" Wapita njia walidhani mzee yule ananuka. Yeye alikuwa anatembea kama waziri.

Alipofikisha miaka saba tulimpeleka kuandikishwa shule. Mkono wake ulipita juu ya kichwa ukagusa sikio la upande wa pili, kipimo cha umri cha siku zile, akapita. Mwalimu akamwuliza jina. Akajibana pua, akalitaja. Watoto waliokuwa kwenye foleni wakapasuka kwa kicheko, na kufikia Ijumaa darasa zima lilikuwa likijibana pua kila anapoingia. Jumatatu hakuuweka tena mkono puani, si shuleni wala nyumbani. Mwalimu hakuwa mbaya. Alimkalisha nyuma akaacha kumwuliza maswali, akidhani anamsitiri. Baba yake akirudi kazini alikimbiliwa kimya kimya, akashikwa mkono. Aliitikia "Naam" hata hivyo, ingawa hakuitwa.

Sasa nifike nilikokuwa nakwepa.

Mama mwenye nyumba alikuwa na mjukuu wa miezi minane, akikohoa. Siku moja tulikuwa uani, binti yangu na mimi tunachambua mchele kwenye ungo, mama mwenye nyumba anamfunga mjukuu mgongoni.

"Mnakwenda wapi, mama?" nilimwuliza.

"Mtoni. Kwa mzee. Kimeo hiki kitaniulia mtoto."

Ningeweza kumwacha aende. Wangapi wamekatwa, nikiwemo mimi, wakapona. Lakini nilisema, "Usimpeleke, mama. Nakuomba. Mpeleke hospitali kwanza wamtazame."

Alishangaa. Hakuwa na nia mbaya. Tangu mwanzo yule mama hakuwahi kuwa na nia mbaya. "Makubwa! Si wewe uliyempeleka wa kwako? Ukamshika kwa mikono yako, ukasema kata? Leo mie unanikataza?"

Akaenda. Mjukuu wake alipona kikohozi, hivi sasa ni dereva wa lori.

Uani tulibaki wawili. Binti yangu alikuwa ameacha kuchambua. Alitia kidole kinywani, akakipeleka nyuma, taratibu, kama anatafuta kitu kilichodondoka. Kisha akakitoa akanitazama, akaniuliza.

Kwa mtu mwingine yeyote ilikuwa ni mlio wa puani na koo kukabwa mara tatu. Mimi nilisikia kila neno. Aliuliza, "Ni wewe uliyenikata?"

"Eti?" nilisema.

Alinitazama. Sijui kama alishangaa. Kwangu hakuwa amewahi kuulizwa hivyo. Akauliza tena, polepole zaidi.

Nikainamia ungo. Nikasema, "Sikusikii, mwanangu. Sema tena."

Basi akafanya jambo ambalo alikuwa ameliacha tangu ile Jumatatu, na ambalo kwangu mimi hakuwahi kulihitaji. Akaweka vidole viwili puani, akabana, akaniuliza mara ya tatu. Kila herufi ilitoka kavu na safi. Mpita njia angesikia. Mwenye duka angesikia.

Nilisema, "Eh?"

Aliachia pua. Akaunyanyua mkono, vidole vimelegea, akaupunga mara moja. Kisha akavuta ungo upande wake akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Sasa ni mwanamke mtu mzima, anakaa Mbagala, anashona, ana wateja wanaoelewa kwa kuonyeshwa kitambaa. Huja kunitazama kila mwezi. Ananiamkia, ananipikia, ananifulia. Haniambii kitu.